Mpolandi alifuata nini Ifunda?

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya Vita Kuu ya Pili, hakosi mwanafunzi mmoja wa maeneo ya Ifunda kunyoosha mkono. "Mwalimu, yale makaburi ya Wazungu kule kwetu, bibi anasema ni ya Wapolandi. Walifuata nini?"

Nimefundisha historia hapa Iringa miaka mingi, na swali hilo nalipenda kuliko maswali yote ya mtihani. Tumezoea kuanza na orodha ya sababu: Mkataba wa Versailles, mdororo wa uchumi, Hitler kushika madaraka. Mtoto anakariri, anafaulu, anasahau. Lakini akianzia kwenye kaburi la Ifunda akarudi nyuma hatua kwa hatua, vita yote inamfungukia.

Turudi nyuma basi. Tarehe 1 Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi. Tarehe 17 mwezi huohuo Umoja wa Kisovieti ukaingia kutoka mashariki, kwa kuwa Hitler na Stalin walikwishakubaliana kimyakimya kuigawana nchi hiyo. Kuanzia Februari 1940 familia za mashariki mwa Poland zikaanza kugongewa milango usiku, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan kukata magogo na kulima katika baridi ambayo sisi wa Makete tunaoijua baridi hatuwezi hata kuifikiria. Wengi walifia huko.

Juni 1941 Hitler akamgeuka Stalin. Sasa Stalin alihitaji marafiki, na Waingereza walimtaka akubaliane na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London. Wakatia saini mwezi Julai, na wafungwa wa Kipolandi wakaachiwa ili waunde jeshi chini ya Jenerali Władysław Anders. Mwaka 1942 jeshi hilo lilivushwa Bahari ya Kaspi hadi Iran, likifuatana na maelfu ya akina mama, watoto, yatima na wazee. Kwa jumla walivuka zaidi ya watu 110,000. Wanaume wenye nguvu waliendelea na vita, na ndio waliokuja kupanda mlima wa Monte Cassino kule Italia mwaka 1944. Na hao wengine waende wapi? Iran haikuwa na nafasi ya kuwaweka muda mrefu. Mwingereza akatazama ramani ya makoloni yake. Karibu Wapolandi 20,000 wakaletwa Afrika Mashariki na ya Kati. Kambi kubwa ya Tanganyika ilikuwa Tengeru, Arusha, na nyanda zetu hizi zilipata mbili: Ifunda, na Kidugala upande wa Njombe.

Hapo kwenye Kidugala huwa nawaomba wanafunzi wasimame kidogo. Kidugala ilikuwa misheni ya Walutheri wa Berlin. Mpolandi aliyekimbizwa na vita aliyoianzisha Mjerumani alikuja kuhifadhiwa mahali palipojengwa na Wajerumani. Nafasi ilipatikana kwa sababu Wajerumani wenyewe walikwishaondolewa.

Na wao walikuwa wengi. Baada ya Vita ya Kwanza walifukuzwa Tanganyika, lakini mwaka 1925 katazo likaondolewa wakarudi, na katika nyanda hizi wakawazidi masetla wa Kiingereza. Walikuwa na mashamba Sao Hill, Mufindi, Mbozi na Rungwe. Chai ambayo leo tunaiona tukipita Mufindi, wao walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuipanda. Vita ilipotangazwa Septemba 1939 walikamatwa siku za mwanzo kabisa. Wengine walirudishwa kwao, wengine wakawekwa kizuizini nje ya Tanganyika, na mashamba yao yakashikwa na serikali kama mali ya adui. Wamisheni nao hawakuachwa. Makanisa yalibaki mikononi mwa wachungaji Waafrika, wakisaidiwa na Wamarekani na Waswidi waliojaribu kuziba pengo. Nikiongea na wazee wa Kilutheri wa huku, naona bado wanaukumbuka wakati huo kuwa ndio kanisa lilipojifunza kutembea kwa miguu yake.

Risasi za Vita ya Pili hazikulia Iringa. Za Vita ya Kwanza zililia: majeshi ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasaland mwaka 1916, yakachukua Tukuyu, Njombe na Iringa, na watu wa huku wakabebeshwa mizigo hadi wakafia njiani. Ya pili ilikuja kwa namna nyingine. Ilihamisha watu. Mjerumani alitolewa, Mpolandi akaletwa, na kijana wa Kihehe, Kibena au Kinyakyusa akachukuliwa.

Huyo kijana ndiye ninayeumia naye zaidi, kwa sababu vitabu vyetu vinampa aya moja tu. Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia jeshini, wengine kwa hiari, wengine kwa kukamatwa tu. Waliokwenda Keya, yaani jeshi la King's African Rifles (KAR), walipigana na Waitaliano Ethiopia mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Burma kupigana na Wajapani. Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, matope yakifika magotini, malaria ikiangusha watu, hadi wakauvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Na waliobaki nyumbani nao walitumika. Japani ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa pareto duniani, na pareto ndiyo dawa iliyoua mbu na chawa wa majeshi. Japani ilipokuwa adui, pareto ya nyanda za baridi kama zetu ikawa mali ya vita, na serikali ikaruhusu watu wachukuliwe kwa nguvu kwenda kufanya kazi mashambani.

Sasa mfikirie mtu wa Ifunda mwaka 1943. Mzungu aliyemjua ni bwana shamba, bwana DC, au padri. Ghafla anaona Wazungu waliokuja na vifurushi, wajane na yatima, wasio na nchi, wanaolishwa na serikali. Wakati huohuo mtoto wake yuko Burma akiona Mzungu akitoka damu na kuomba maji kama mtu mwingine yeyote. Sidai kwamba uhuru ulizaliwa siku hiyo. Nasema tu kwamba baada ya hapo, kumwambia mtu huyo kuwa Mzungu ameumbwa kutawala kulikuwa kazi ngumu.

Vita ikaisha, Wapolandi wengi hawakurudi kwao. Mkutano wa Yalta, Februari 1945, uliiacha mashariki ya Poland mikononi mwa Stalin, kwa hiyo kijiji alichotolewa mama wa Kipolandi hakikuwa tena Poland. Kambi zikaendelea miaka kadhaa, hadi walipotawanyika kwenda Uingereza, Australia na Kanada. Ifunda ikageuzwa shule ya ufundi, na vijana wa Kitanganyika wakajifunza useremala na uashi pale walipoishi wakimbizi.

Tanganyika yenyewe ilibadilika kwenye karatasi. Mwaka 1946 iliacha kuwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa lililokufa, ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na safari hii Mwingereza alitakiwa kuitayarisha nchi kwa kujitawala au uhuru. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa wakaanza kuja kila baada ya miaka mitatu, kuanzia 1948. Mwalimu Nyerere alipokwenda New York mwaka 1955 kuzungumza kwa niaba ya TANU, aliingia kwa mlango huo uliofunguliwa na vita.

Safari iliyopita tulipokuwa tumesimama pale makaburini Ifunda, wanafunzi wakijaribu kuyatamka majina yale yanayoishia na -ski na -ska, binti mmoja aliniuliza: na wa kwetu waliofia kule, wako wapi? Nikamwambia baadhi ya askari wa Afrika Mashariki wamelala Imphal, India, karibu na mpaka wa Burma. Akaliandika jina hilo kwenye daftari lake, akaniomba nimtajie herufi moja moja.