Nyumbani: pale, kule na mle

Nyumba huezekwa, hupangishwa, huuzwa. Ukiitia -ni mwishoni, ikawa nyumbani, Kiswahili kinakupa njia tatu za kupazungumzia: nyumbani pale pana mwarobaini, nyumbani kule kuna wageni, nyumbani mle mna giza. Pa- ni mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole. Ku- ni upande, aghalabu wa mbali. Mu- ni ndani. Hadithi kongwe za watoto hupita humo mote: mtoto huanzia pale, huondoka hadi pakawa kule, kisha huonekana kwamba muda wote alikuwa amepabeba mle, moyoni. Kazi ya kupabeba ndiyo ubunifu.

Chukua kisa cha binti aliyetiwa ngomani, ambacho wasikilizaji wa baraza za Bagamoyo hawahitaji kuelezwa mazingira yake. Maji yamekupwa, wasichana wanaokota kauri. Mmoja anaiweka yake juu ya jiwe, anaisahau, anarudi peke yake kuifuata akiimba, na zimwi limekaa palepale. Linamtia ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini. Likipiga, mtoto anaimba. Watu wanalipa chakula bila kujua nani anaimba. Siku moja linafika kwao. Mama anaitambua sauti. Zimwi likishashiba na kulala, mtoto anatolewa, na ngoma inajazwa nyuki au nyoka, kutegemea msimuliaji.

Ndani ya ngoma binti haoni kitu. Alichonacho ni wimbo, na ndani ya wimbo huo mna kauri, jiwe na njia ya kurudi. Hakimbii nyumbani kwa mawazo; anapajenga upya gizani, na mama anamjua kwa ujenzi huo, si kwa sura.

Msingi huohuo unabeba hadithi zilizotoka mbali. Mwandishi Mmarekani L. Frank Baum, katika The Wonderful Wizard of Oz (1900), alimpa mtoto Dorothy nyumba ya chumba kimoja kule Kansas: kuta nne, sakafu na paa, jiko lenye kutu, kabati, meza, viti vitatu au vinne, na vitanda. Nje, nyika yote ni ya kijivu. Hata hivyo, kimbunga kikishamtupa Oz, nchi ya rangi tele, mtoto huyu anataka kurudi. Mfasiri au msimuliaji akiipamba nyumba hiyo ameibomoa hadithi, kwani Dorothy hapendi uzuri wake. Anapenda kwamba ni kwao. Katika Where the Wild Things Are ya Maurice Sendak (1963), safari yote ya mtoto Max inaanzia chumbani: msitu unamea humo, kuta zinageuka dunia, na Max akirudi anakuta chakula chake cha jioni bado kina moto. Joto hilo linafanya kazi ambayo maneno ya upendo yasingeiweza.

Wengi hulieleza jina la Bagamoyo kuwa ni “bwaga moyo”. Kwa wengine ni pumziko la mpagazi aliyetua mzigo, kwa wengine ni huzuni ya aliyetekwa akiiacha bara. Maelezo yote mawili yanakubaliana kwamba aliyefika hapa alikuwa amebeba kwao kifuani.

Kosa kubwa la usimulizi ni kuharakisha mwanzo ili kulifikia zimwi. Mtoto asiyepajua pale hawezi kupakumbuka kule. Kabla ya hatari, mpe vitu viwili au vitatu vya nyumbani vinavyoshikika: komeo la mlango linalokwama, mkeka wa barazani uliochanika pembeni, harufu ya samaki wa kukaanga. Ukitaja kumi, mtoto wa miaka mitano hatabaki na hata kimoja. Ukisema tu “nyumba nzuri yenye amani”, hana cha kukiona. Kimoja kati ya vitu hivyo lazima kirudi mwishoni: komeo likwame tena.

Kosa la pili ni kuukata wimbo ili ueleze maana yake. Uimbwe wote, kwa maneno yaleyale, walau mara tatu: pwani, katika kijiji cha ugenini, na kwao. Maneno yakibadilika, mama hatakuwa na cha kutambua, na wasikilizaji pia.

Na binti apewe jina tangu mwanzo. Mama anapoinua kichwa kuisikiliza ngoma, usilitaje. Nyamaza kidogo, watoto wataliita wenyewe.