Toledo, 1883: mdakaji aliyeingizwa uwanjani kwa ubishi

Tarehe 10 Agosti 1883 timu ya besiboli ya Chicago White Stockings, mabingwa watetezi wa National League, mojawapo ya ligi kubwa za Marekani, walifika Toledo, jimbo la Ohio, kwa mechi ya kirafiki. Wenyeji wao, Toledo Blue Stockings, walikuwa timu ya daraja la chini iliyoanza mwaka huohuo. Mdakaji wao, Moses Fleetwood Walker, alikuwa mtu mweusi. Nahodha wa Chicago, Cap Anson, akagoma: huyo akicheza, wao hawachezi.

Kichekesho ni kwamba Walker hakupangwa siku ile. Mikono ilikuwa inamuuma. Katika besiboli mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mpira mgumu unaokuja kwa kasi, na enzi hizo wengi walidaka mikono mitupu au kwa glavu nyembamba tu. Kocha Charlie Morton alikuwa amempumzisha. Aliposikia masharti ya Anson akabadilisha mawazo: akamwingiza Walker, akampanga pembeni kulia, kisha akawaambia wageni kwamba wakigoma watakosa mgawo wao wa viingilio. Anson akaziheshimu fedha. Mechi ikachezwa, Chicago wakashinda 7–6 katika raundi ya 10.

Hapa pafaa kueleza maana ya daraja la chini. Toledo walicheza Northwestern League, ambayo mwaka huo ilitia saini mkataba na ligi mbili kubwa, National League na American Association, wa kuheshimiana mikataba ya wachezaji. Wanahistoria wengi huuhesabu mkataba huo kuwa chanzo cha mfumo wa ligi ndogo Marekani. Msomaji wa soka asidhani timu zilipanda kwa pointi. Toledo walitwaa ubingwa 1883, ni kweli, lakini waliingia American Association 1884 kwa sababu ligi hiyo ilikuwa inaongeza timu.

Hata ndani ya Northwestern League mlango nusura ufungwe. Machi 1883, kabla ya msimu, wajumbe wa Peoria walitaka wachezaji weusi wapigwe marufuku. Hoja ikabishaniwa, haikupita.

Mwaka 1884 Walker alicheza mechi 42 kwenye ligi kubwa, na mdogo wake Welday akacheza 5. Adui mwingine alikuwa ndani ya timu yake: mrushaji Tony Mullane. Kwa kawaida mdakaji humwashiria mrushaji mpira wa kutupa. Mullane, kama alivyokiri mwenyewe miaka mingi baadaye, alizipuuza ishara za Walker kwa sababu ya rangi yake na kurusha alivyotaka. Hapohapo akasema hakuwahi kufanya kazi na mdakaji bora kuliko yeye. Walker alilazimika kudaka bila kujua kinachokuja. Kwa maoni yangu, ushahidi huo wa Mullane unaeleza uwezo wa Walker kuliko takwimu yoyote. Walker aliumia, akaachwa kabla msimu haujaisha, na baada ya msimu timu ikavunjika.

Walker alirudi ligi ndogo. Tarehe 14 Julai 1887 wakurugenzi wa International League, mojawapo ya ligi hizo ndogo, walipiga kura kutoidhinisha mikataba mipya ya wachezaji weusi. Siku hiyohiyo Newark, timu yake wakati huo, ilicheza na Chicago ya Anson. Safari hii Walker hakuingia uwanjani. Aliendelea kwenye timu ya Syracuse hadi 1889, na baada yake ligi hiyo haikuwa na mchezaji mweusi mpaka Jackie Robinson alipovaa jezi ya Montreal mwaka 1946.