Fimbo ya mwanzi ya kuvulia: msasa ndio adui wa kwanza

Fimbo kongwe ya kuvulia kwa nzi wa bandia haikukatwa kichakani ikiwa nzima. Ni vipande sita vya mwanzi vilivyopasuliwa, vikarandwa kwa pembe za nyuzi 60, vikaunganishwa kwa gundi hadi ukapatikana ufito mmoja wa pande sita. Mwanzi wenyewe huitwa wa Tonkin, jina la zamani la kaskazini mwa Vietnam, ingawa unatoka Guangdong, kusini mwa China. Nyingi zilitengenezwa Marekani na Uingereza kabla faibaglasi haijashika soko katika miaka ya 1950. Kenya nazo zilifika, pamoja na trauti waliopandikizwa kwenye mito ya baridi ya Aberdare mwanzoni mwa karne ya 20. Leo mtu huikuta imelala darini, vanishi imepasuka, uzi wa hariri unaofunga vipete vya kupitishia mshipi umefumuka, na kinachomjia kwanza mkononi ni msasa. Hebu tuupime ushauri unaosikika sana, mmoja mmoja.

"Piga msasa hadi mwanzi uwe mweupe, kisha paka upya."

Hapa ndipo fimbo nyingi hufia. Nguvu ya mwanzi haiko katikati. Iko kwenye nyuzi ngumu zilizobanana nje, chini tu ya ngozi, na mtengenezaji aliranda ndani ili asiziguse hizo. Msasa haujui vanishi inaishia wapi na nyuzi zinaanzia wapi. Tena ugumu wa ufito hufuata unene wake kwa kipeo cha nne. Chukua ncha yenye unene wa milimita 1.8. Ukiilamba milimita 0.05 tu kila upande, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya daftari, inabaki 1.7 na ugumu umeshuka kwa karibu asilimia 20. Hakuna vanishi itakayourudisha.

Vanishi iliyozeeka hukatika yenyewe kama ganda la yai. Tumia ukingo wa plastiki ngumu, au mgongo wa kisu kidogo ukiwa wima kabisa, uburute kwa urefu wa fimbo, upande mmoja baada ya mwingine, bila kukandamiza na bila kula kona. Angalia kinachodondoka. Unga mkavu wa rangi ya asali ni vanishi. Vikianza kutoka vinyuzi virefu vya rangi ya majani makavu, umeshaingia kwenye mwanzi. Acha hapo hapo.

"Dawa ya kuondolea rangi inarahisisha kazi."

Inarahisisha mpaka inapopenya kwenye maungio. Fimbo nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zilishikwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, ambayo huachia ikipata maji au joto. Kwa hiyo usiloweke, usitumie mvuke, na dawa za kupaka kisha kuosha ziache kwa mlango wa nyumba. Kabla ya yote, pitisha ukucha kwenye mistari sita ya maungio. Ukikwama mahali, au fimbo ikilia "tik" ukiikunja kidogo, gundi imeachia, na hilo linatibiwa kwanza.

Jaribio moja dogo lina faida: lowesha pamba kwa spiriti, gusa mahali palipojificha karibu na mpini. Ikinata, hiyo ni shelaki, na spiriti itaitoa yote. Isipobadilika, ni vanishi ya mafuta. Rudi kwenye kukwangua.

Kuna na zile zisizo na vanishi kabisa. Orvis ya Marekani, tangu miaka ya 1940, ilitengeneza fimbo ambazo mwanzi wake umenyweshwa utomvu wa bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani. Hizo husuguliwa kwa nta zikang'aa, basi. Anayezikwangua anatafuta kitu ambacho hakipo.

"Uzi wa hariri utabaki na rangi yake."

Hautabaki. Hariri ikinywa vanishi huwa kama kioo: nyeupe hutoweka, manjano huwa kahawia ya asali, nyekundu huiva kama divai. Ukitaka rangi ibaki, paka kwanza dawa ya kuhifadhi rangi ya uzi, mara mbili, ikauke kabisa. Ukitaka mwonekano wa zamani, paka vanishi moja kwa moja.

Kabla ya kukata uzi wa zamani, pima umbali wa kila kipete kutoka nchani na uandike. Kata juu ya mguu wa kipete, wembe ukiwa juu ya chuma, kamwe si juu ya mwanzi. Mguu mpya upige tupa hadi ncha yake iwe nyembamba kama karatasi, la sivyo uzi utaacha pengo pale unapopanda, na maji yatakaa humo.

"Epoksi hudumu kuliko vanishi."

Hudumu, na ndiyo shida yake: ni nzito kwa ncha nyembamba, na siku ya kuitoa utatoa na mwanzi. Vanishi ya mashua inatosha. Mkono wa kwanza changanya na asilimia 10 ya tapentaini, kisha mikono miwili myembamba, kila mmoja ukikauka angalau saa 24, ukipitisha msasa wa maji namba 1000 kwa wepesi kati yake (hapa unagusa vanishi mpya, si mwanzi). Usitikise kopo; mapovu yote hutokea hapo. Koroga polepole, na siku ya mvua au ya ukungu usipake. Wenye bomba refu la vanishi la kuchovya fimbo huivuta sentimita 5 hadi 10 kwa dakika, wakisimama kila kipete kinapotoka ili tone lishuke.

"Kiungio kikilegea, kibane kwa koleo."

Kiungio ni kile kibomba cha chuma kinachounganisha sehemu za fimbo; chuma chake huitwa fedha ya nikeli, lakini ni shaba, zinki na nikeli, fedha haimo. Kubana hukipa umbo la yai, na hakitaingia tena sawasawa. Mara nyingi kilicholegea ni gundi iliyo ndani. Tafuta kwanza kijipini kidogo kinachopita kando na ukitoe, kisha pasha kiungio, si mwanzi, juu ya taa ya spiriti, na uvute moja kwa moja. Usizungushe: kuzungusha hupasua maungio ya vipande sita. Kilichokwama kwa uchafu hutibiwa kwa pamba na spiriti.

"Ikishapinda haina dawa."

Inayo, baada ya vanishi kutoka. Pasha sehemu iliyopinda taratibu mbali na moto, ukiizungusha, hadi vidole visiweze kuvumilia, kisha inyooshe na uishike hadi ipoe. Kwa gundi ya wanyama, joto hilo hilo ni hatari. Mpindo mdogo uache.

"Ikipakwa upya bei hupanda."

Kwa fimbo ya kiwandani ya kawaida, labda. Kwa fimbo ya Leonard au Payne, watengenezaji mashuhuri wa Marekani, mnunuzi anataka vanishi ya mtengenezaji, hata ikiwa na mikwaruzo. Na fimbo yoyote ile, kagua juu ya mpini: jina, urefu na uzito mara nyingi viliandikwa kwa wino juu ya mwanzi, vikafunikwa na vanishi tu. Sehemu hiyo ya sentimita chache usiikwangue. Ifute vumbi kwa kitambaa kikavu, upake mkono mmoja juu ya vanishi ya zamani.