Uchafu wa kimaadili, filamu na sheria za Uingereza: dhana potofu na ukweli

Dhana: "BBFC, bodi ya Uingereza inayozipa filamu madaraja ya umri, ni idara ya serikali. Ikikataa filamu, hakuna sinema inayoweza kuionyesha."

Mzizi wa udhibiti wa filamu ni moto. Filamu za mwanzo zilitengenezwa kwa nitreti, inayowaka upesi mno, na sheria ya 1909 ikazipa halmashauri mamlaka ya kutoa leseni za kumbi ili kuzuia maafa. Haukupita muda, halmashauri zikaanza kutumia masharti ya leseni kuamua pia kinachoonyeshwa. Kampuni za filamu, zikihofia kila mji kuja na mkasi wake, zikaunda BBFC mwaka 1912. Hadi leo ni shirika huru linaloishi kwa ada za wanaopeleka filamu.

Kwa hiyo kauli ya mwisho kuhusu sinema ni ya halmashauri, sasa chini ya Sheria ya Leseni ya 2003. Mwaka 1997 BBFC iliipitisha filamu ya Crash kwa daraja la 18, yaani kwa watu wazima tu, lakini halmashauri ya Westminster, katikati ya London, ikaizuia. Njia hiyo hutumika pia kwa kuruhusu: tamasha lenye filamu isiyo na daraja huiomba halmashauri iipangie umri. Anayeruka hatua hii huhatarisha leseni ya ukumbi, hata kama filamu yenyewe haina doa.

Dhana: "Daraja la sinema linatosha kuuza DVD."

Video zina sheria yao ya 1984, na huko BBFC ina nguvu za kisheria kwa uteuzi wa waziri. Kuuza diski isiyopitishwa, ukiacha zilizosamehewa, ni kosa la hadi miaka 2 jela. Daraja la 12A ni la ukumbini tu, ambako mtoto wa chini ya miaka 12 huingia na mtu mzima. Diski yenye daraja la 12 haiuzwi kwa mtoto wa chini ya umri huo. Diski za R18, daraja la filamu za ngono za watu wazima, huuzwa ana kwa ana ndani ya maduka ya ngono yenye leseni, si kwa posta.

Dhana: "Kinachochukiza ndicho uchafu."

Hapa ndipo wengi hupotea. Sheria ya Machapisho Machafu ya 1959, inayohusu England na Wales, haiulizi kama umekereka. Inauliza kama kazi, ikitazamwa kwa ujumla wake, inaelekea kupotosha na kuharibu maadili ya wale hasa wanaotarajiwa kuiona, kuisoma au kuisikia. Hadhira ikibadilika, jibu laweza kubadilika. Pia kuna utetezi wa manufaa ya umma, kama sanaa au elimu. Kwa utetezi huo kampuni ya vitabu ya Penguin ilileta mashahidi 35 mwaka 1960 katika kesi ya riwaya ya Lady Chatterley's Lover, na jopo la raia 12 likaiachia huru.

Lakini jopo hilo hukaa tu pale mtu anaposhtakiwa na kesi ikafika mahakama ya juu, ambako adhabu hufika miaka 5. Kifungu cha 3 kina njia nyingine: polisi hukamata shehena kwa hati, kisha mahakimu huamua iharibiwe au irudishwe, bila jopo. Kwa duka dogo, tunaona njia hii ndiyo yenye makali zaidi, kwa kuwa mali huondoka bila mtu kutiwa hatiani.

Dhana: "Cheti cha BBFC ni kinga."

Dhidi ya sheria ya 1959 si kinga kamili. Sheria ya 2008 kuhusu ponografia ya kupindukia, ambapo kumiliki tu ni kosa, huisamehe filamu iliyopitishwa. Ila mtu akikata kipande chake na kukihifadhi kwa ajili ya kuamsha ashiki, msamaha unaondoka.

Dhana: "Mtandaoni hakuna sheria."

Sheria ya video ya 1984 inahusu diski na kanda, haigusi filamu zinazotazamwa moja kwa moja mtandaoni. Netflix hutumia madaraja ya BBFC kwa hiari. Ile ya 1959 inafika huko: tangu 1994, kutuma data za kielektroniki huhesabiwa kuwa kuchapisha.