Kabla hujanunua beringi ya Subaru inayovuma

Impreza WRX za 2000 hadi 2007, zile tunazoziita GD, huletwa gerejini kwangu na malalamiko yaleyale: "Fundi, beringi imekufa," yaani kile chuma cha gololi kinacholiwezesha tairi kuzunguka. Mwenye gari kasikia mvumo kwenye tairi, rafiki kampa jibu, kilichobaki ni kushuka kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kununua. Namwambia atulie kwanza. Beringi ya GD nyingi haitoki kwa spana: imeshindiliwa ndani, inataka mashine ya presi, na ukishaitoa haifai kurudishwa hata kama ilikuwa nzima. (Za 2008 kuendelea ni nafuu, beringi inakuja na hab yake, kile kitovu ambacho rimu inafungwa juu yake, unafungua bolti na kufunga.)

Naanza kwa kuendesha mwenyewe, redio imezimwa, vioo vimeshushwa. Mvumo ukishakolea natia nyutro. Ukiendelea vilevile wakati injini imetulia, basi injini haihusiki. Halafu, barabara ikiwa tupu, nayumbisha usukani taratibu. Ukikata kulia uzito unahamia kushoto, na beringi mbovu ya kushoto itazidisha kelele; ukikata upande wa pili inapungua. Tairi lililolika vibaya halijali sana unakata wapi.

WRX iliyonifanya niandike haya ilikuwa imeshushwa kwa springi fupi; ilivuma, na wakati wa kuondoka ililia tik-tik. Nayumbisha, mvumo haubadiliki. Gerejini nikapitisha kiganja juu ya matairi ya nyuma: kukipeleka mbele, laini, kukirudisha, kinakwaruzwa. Ukingo wa ndani ulikuwa umechongeka kama meno ya msumeno. Gari likishushwa bila kupigwa alaimenti, yaani kunyoosha matairi yaelekee sawa, tairi linakanyaga upande na kuburutwa kidogo kidogo, na raba inalika hivyo. Nikayahamishia mbele, kila moja upande wake kwa sababu yalikuwa na mshale wa mwelekeo. Mvumo nao ukahamia mbele. Beringi haihami.

Hata hivyo nililinyanyua lote kwenye stendi, nikashika springi kwa mkono mmoja na kuzungusha tairi kwa mwingine. Beringi iliyochakaa utaisikia vidoleni, springi inatetemeka. Zungusha kwa mkono tu. Mtu anayenyanyua tairi moja la gari linalovuta kwa matairi manne kisha akatia gia, anataka liruke kwenye jeki.

Ikabaki ile tik-tik ya wakati wa kuondoka. Kokoto iliyonasa nyuma ya diski hukwaruza mfululizo, kwa hiyo si hiyo. Sivi joint, kiungo cha ekseli kinachopeleka nguvu kwenye tairi, hulia usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho huku unakanyaga mafuta; hapa tik ilikuja hata gari likienda moja kwa moja, na raba zinazofunika joint hazikuvuja grisi. Nikafungua nati za rimu. Mbili zilitoka kwa ugumu toka mwanzo hadi mwisho, zikaacha unga wa chuma kwenye thredi.

Subaru inatumia stadi (bolti inayoshika nati ya rimu) ya milimita 12 yenye thredi ya 1.25, yaani milimita 1.25 toka jino hadi jino. Toyota nyingi ni 12 kwa 1.5, na mjini nati za Toyota ndizo zimejaa. Nati hiyo inaingia mizunguko ya kwanza kwenye stadi ya Subaru, kisha inagoma. Anayefunga kwa mkono atashtuka. Mwenye bunduki ya upepo ya kufungia nati anabonyeza tu. Inaonekana imekaza kumbe imekwama, rimu haijabanwa, na kila gari likiondoka inajisogeza. Hilo ndilo la kuogopa, si mvumo.

Tulibadilisha stadi zilizoliwa, tukaweka nati za 1.25, tukakaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, nami nikamtaka arudi baada ya kilomita mia hivi tuzikague tena. Alaimenti imepigwa, ila mvumo bado upo, maana raba iliyochongeka hairudi. Atavumilia mpaka anunue matairi mengine, na yawe manne kwa mpigo: difu ya kati ya Subaru, inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, haipendi matairi yenye vimo tofauti.