Mkongo, Kifaransa chake na vitenzi vya Kiingereza

Wanafunzi wangu wengi wa jioni hapa Mbeya si Wanyakyusa wala Wasafwa. Ni Wakongo: madereva wa malori ya Lubumbashi na matingo wao, vijana wa mawakala wa forodha, akina mama wanaofuata mchele, na wanachuo wachache. Ukiitazama barabara hutauliza kwa nini. Mzigo wa Kongo ukitoka bandari ya Dar es Salaam unapita hapa, unashuka Tunduma, unavuka Nakonde, kisha unaikata Zambia hadi Kasumbalesa ndipo uingie Kongo. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde zina kituo cha huduma za pamoja, maofisa wa nchi mbili jengo moja, kwa hiyo dereva anaweza kumaliza Kiswahili dirisha hili na kuanza Kiingereza dirisha linalofuata. Baada ya hapo ni trafiki, mizani, gereji na fomu, na Kifaransa chake hakuna anayekitaka mpaka afike kwao.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza niliyesomea pia Kifaransa, na kuna jambo moja ninalobishana nalo darasani kila muhula. Mkongo akikutana na kitenzi cha Kiingereza hukimbilia Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha aliyosomea shule. Kiswahili anakichukulia kuwa ni cha nyumbani na sokoni, hakihusiki na sarufi. Kwa msamiati, Kifaransa ni msaada mkubwa, nitalieleza hilo. Lakini kwenye njeo, yaani tendo lilifanyika lini na limefikia wapi, Kiswahili kinamfikisha mbali zaidi.

Chukua "j'ai mangé". Aliyesema hivyo hajakuambia kama amekula au alikula. Kifaransa kina njeo nyingine ya wakati uliopita ambayo utaikuta kwenye riwaya na vitabu vya historia, lakini katika mazungumzo ya kawaida umbo hili moja hubeba maana zote mbili. Balaa ni kwamba Kiingereza kina umbo linalofanana nalo kwa sura, "I have eaten": kitenzi kisaidizi chenye maana ya kuwa na kitu, halafu kitenzi kikuu. Mwanafunzi anayaona mapacha, anatafsiri kipande kwa kipande, anatoka na "I have seen him yesterday". Kiingereza hakiruhusu "have" ya namna hiyo ikae na jana, juzi wala mwaka jana. Ukitaja siku iliyokwisha, sema "I saw him".

Vitabu vya sarufi kwa Wafaransa hutumia kurasa na kurasa hapa, na michoro ya mistari yenye mishale. Mimi nauliza swali moja tu: ungekataa ungesemaje? "Sijamwona" au "sikumwona"? Ikiwa ni "sija-", Kiingereza chake ni "I haven't seen him" na ukikubali ni "I have seen him". Ikiwa ni "siku-", ni "I didn't see him" na ukikubali ni "I saw him". Nachagua ukanushi kwa makusudi. Kwenye kukubali watu wa mtaani huchanganya, utamsikia mtu sokoni Mwanjelwa akisema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Lakini "sijamwona jana" inakwaruza sikio la kila mtu. Najua Kiswahili cha Lubumbashi kina mwendo wake, si sawa na chetu, ila aliyekaa Mbeya miezi michache akinunua vipuri na kugombania nauli ya bajaji anaishika hiyo "-ja-" bila kufundishwa. Kifaransa hakina mgawanyo huo: "je ne l'ai pas vu" ni sijamwona, na ni sikumwona vilevile.

Hapo mwanafunzi mwerevu hufurahi kupita kiasi. Anaanza kuweka "have" kila anapoona "-me-", kisha anasema "I have tired". Nimechoka, si ndiyo? Ndiyo, lakini "-me-" yetu ina kazi mbili. Nimefika, tendo limekamilika. Nimechoka, nipo katika hali hiyo sasa hivi. Amelala, amevaa, amekasirika, amesimama: hapa tunazungumzia hali, na Kiingereza huipa hali kitenzi cha kuwa: "he is asleep", "he is angry".

Turudi basi kwenye Kifaransa kitusaidie? Nacho kina mtego wake. Vitenzi vingi vya Kifaransa huchukua "avoir", yaani kuwa na, kama kisaidizi, ila kuna kundi dogo, hasa la kwenda, kuja, kufika, kuzaliwa na kufa, linalochukua "être", yaani kuwa. Kwa hiyo Mkongo husema "je suis arrivé" na "je suis fatigué" kwa kisaidizi kilekile, kama sisi tunavyosema nimefika na nimechoka kwa "-me-" ileile. Lugha zake zote mbili zinayaweka haya pamoja, na Kiingereza kinayatenganisha: "I have arrived", lakini "I am tired". Ndiyo maana "I am arrived" hutoka hata kwa mtu aliyesoma sana.

Kipimo ninachokitumia kinatoka ndani ya Kifaransa chenyewe. Jaribu kuingiza "très", yaani sana. "Je suis très fatigué" inakubalika. "Je suis très arrivé" itachekesha hata bibi yako. Panapokubali "très" weka "am", "is" au "are". Panapokataa weka "have" au "has". Kipimo hiki kina matundu. "Il est assis", amekaa, kinakataa "très" na bado Kiingereza ni "he is sitting". Hayo machache ya mkao wa mwili nawaambia wayameze. Kwa vitenzi vya kwenda, kuja na kufika, ambavyo ndivyo dereva anavyovihitaji kila siku, sijaona kikiwaangusha.

Kuna mahali ambapo lugha zote mbili zinapoteza njia, na hapo sioni ujanja ila mazoezi. Naishi Mbeya tangu 2019, "j'habite à Mbeya depuis 2019", na tokeo lake ni "I live in Mbeya since 2019". Kiingereza kinataka "I have lived", kwa sababu kinahesabu kuanzia nyuma mpaka leo. Halafu "depuis" moja ya Kifaransa inasimama mahali pa "since", inayotaja mwanzo, na "for", inayotaja urefu wa muda, kwa hiyo "since three years" ni wimbo wa darasa. Umri na njaa ni hivyohivyo: nina miaka thelathini, "j'ai trente ans", nina njaa, "j'ai faim". Kiingereza hakimiliki miaka wala njaa, kinasema "I am thirty", "I am hungry". Watoto wetu wa sekondari hapa Mbeya hukosea palepale, kwa hiyo Mkongo asijione mgeni.

Kuna zawadi nyingine ambayo Kiswahili kinatoa na Kifaransa hakina: "hu-" ya mazoea. "Je conduis un camion" inaweza kuwa ni kazi yake au ni anachokifanya dakika hii. Bosi anapiga simu, dereva anajibu "I drive", akimaanisha niko kwenye usukani, nitakupigia. Bosi anajiuliza kwa nini anaelezwa kazi anayoijua. Kama ungeweza kusema "huendesha", ni "I drive". Kama ni "naendesha" ya sasa hivi, ni "I am driving". Haikuwahi kunichukua zaidi ya kipindi kimoja kulieleza.

Sasa msamiati, na hapa nakipa Kifaransa haki yake. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa muda mrefu baadaye watawala, mahakimu na watoza kodi wa kule walitumia Kifaransa. Maneno yao yakabaki. Ndiyo maana lugha ya ofisi ya forodha ni kama imeandaliwa kwa ajili ya Mkongo: "déclarer" ni "declare", "payer" ni "pay", "signer" ni "sign", "refuser" ni "refuse", "vérifier" ni "verify", "transporter" ni "transport". Kata mkia, rekebisha kidogo, umepata. Kuna kundi linalonifurahisha zaidi: "finir" imekuwa "finish", "punir" imekuwa "punish", "établir" imekuwa "establish", "abolir" imekuwa "abolish". Hiyo "-ish" ilitoka wapi? Sema "nous finissons", "nous punissons", utaisikia ile "-iss-" ambayo Waingereza waliibeba pamoja na shina. Mwanafunzi akishalijua hilo, huanza kuwinda mengine mwenyewe.

Na vitenzi hivi vilivyoazimwa karibu vyote ni vya kawaida, wakati uliopita huongezewa "-ed" basi. Wachache ndio wakaidi, kama "catch" na "cost". Jeshi la vitenzi visivyofuata kanuni, "eat", "drink", "see", "give", "come", ni la wenyeji wa kale wa lugha hiyo, wala halikutoka Kifaransa. Kwa hiyo Mkongo aelekeze nguvu ya kukariri huko tu. Wakilalamika kwamba "go" ikawa "went", nawaomba wanitajie "aller": "je vais", "nous allons", "j'irai". Mashina matatu katika kitenzi kimoja, nao waliyakubali wakiwa watoto.

Matamshi ya "-ed" ndiyo yanayowasumbua kuliko maandishi. Kifaransa kimewazoesha kuandika herufi wasizozitamka, kwa hiyo mwingine anaimeza yote na "worked" inabaki "work". Kiswahili nacho kimewazoesha kumalizia na irabu, mwingine anatoka na "wokedi". Silabi ya ziada inastahili pale tu shina linapoishia kwa sauti ya "t" au "d", kama "wanted" na "loaded". Kwingine "-ed" ni sauti moja fupi mwishoni, "t" katika "worked", "d" katika "called".

Ila zawadi ya msamiati ina sumu ndani yake: marafiki wa uongo, maneno yanayofanana kwa sura lakini si kwa maana. Mwanafunzi wangu mmoja, mtu mstaarabu kabisa, alisimama mbele ya ofisa upande wa pili wa mpaka akataka kumwomba mhuri. Kwa Kifaransa kuomba ni "demander". Akasema, kwa sauti ya unyenyekevu, "Sir, I demand a stamp." Kwa Kiingereza "demand" ni kudai, tena kwa ukali. Ofisa akaweka kalamu chini, akamwambia akasubiri nje. Aliponisimulia alikuwa bado haelewi. "Madamu, si niliomba vizuri? Hata 'sir' nilimwekea." Nikamwambia, kaka, ulipaswa kusema "ask for". Akalirudia mara nyingi akiwa ameinamisha kichwa, kama anayefanya mazoezi ya kumwomba yule yule.

Kwa hiyo ubaoni naandika ripoti ya ajali niliyoitunga mwenyewe: "I assisted the accident. My friend was blessed. I attended the police and I rested there." Anayesoma kwa macho ya Kifaransa anaielewa vizuri: nilishuhudia ajali, rafiki yangu aliumia, nikawasubiri polisi, nikabaki palepale. Askari wa Zambia anasoma kwamba ulisaidia ajali itokee, rafiki yako alibarikiwa, ukawahudumia polisi, kisha ukapumzika. Darasa hucheka, halafu wote wanainamia madaftari na kuandika "witness", "injure", "wait for" na "stay" bila kusukumwa.

Tatizo la mwisho halina rafiki wa uongo, kwa sababu halina rafiki kabisa. Ni vile vitenzi vifupi vinavyofuatwa na kineno kinachogeuza maana. Mkongo anasema "enter" pale ambapo Mwingereza husema "come in", anasema "descend" pale pa "get off". Anaeleweka, anasikika kama hakimu tu. Tabu ni yeye anapoambiwa. Trafiki hatamwambia "stop your vehicle at the side", atamwambia "pull over". Fundi atauliza lori lili-"break down" wapi. Ofisa atampa karatasi a-"fill in". Kifaransa hakina kitu cha kulinganisha, na Kiswahili hubadili maana ya kitenzi kwa viambishi ndani ya neno lenyewe, si kwa kineno kinachofuata nyuma.

Sifundishi orodha ndefu ya "get" na vineno vyake ishirini kama vitabu vinavyofanya. Inamchosha mtu na kesho hakumbuki. Nafundisha kwa mahali: vya kwenye mizani, vya gereji, vya dirisha la forodha, vya kituo cha polisi. Viwili tu navitoa nje ya utaratibu huo na kuvifundisha siku ya kwanza, "run out of" na "run over". Dereva aliyeishiwa dizeli na dereva aliyemgonga mtu hawapelekwi mahali pamoja.