Fri viza ni nini?

Ukikaa na vijana wanaosaka safari ya Ghuba, iwe Mombasa au Dar, hukawii kulisikia neno "fri viza". Wengi hudhani ni viza ya bure. Wapi! Ajenti akikutajia bei yake utashika kichwa. "Fri" hapa wanakusudia huru: ukifika, wanasema, hufungwi na bosi yeyote, leo unapiga kazi hotelini, kesho gereji.

Viza ya namna hiyo haimo katika sheria za Saudia, wala Falme za Kiarabu, wala Oman. Viza ya kuajiriwa huko hutolewa kwa jina la mwajiri, yule anayeitwa kafili, na kwa kazi iliyotajwa. Kinachouzwa kama fri viza ni jina la kafili asiye na kazi ya kukupa. Ameomba viza za wafanyakazi, anaziuza kupitia madalali, kisha anakwambia katafute riziki yako. Wengine hudai pesa tena kila iqama, yaani kibali cha ukaazi, inapofika kuhuishwa.

Hapo ndipo hata waangalifu wanaponaswa. Tumezoea kuuliza kama viza ni feki. Hii si feki. Ina namba, ukiikagua inaonekana, na uwanja wa ndege unapita. Kijana mmoja mtaani kwetu alinionyesha yake kwenye simu. Kaahidiwa udereva wa lori, lakini palipoandikwa kazi ni mfanyakazi wa nyumbani, na kafili ni mtu binafsi, si kampuni. Lori la nani basi? Ajenti alishamjibu: "Hayo ni maandishi tu."

Maandishi hayohayo ndiyo askari wanayoyasoma. Ukikutwa unamfanyia kazi asiye kafili wako, umevunja sheria, na kafili aliyekula pesa yako anaweza kuripoti kwamba umetoroka. Kinachofuata ni kizuizini, halafu ndege ya kurudi.

Uvumi huu unapata nguvu kwa sababu una mbegu ya ukweli. Januari 2021 Oman iliacha kudai barua ya ridhaa ya mwajiri wa zamani kwa anayehamia kwingine baada ya mkataba wake kwisha. Qatar ilikuwa imeshalegeza mwaka 2020, Saudia ikafuata Machi 2021. Mitandaoni habari hizo zikageuka "kafala (mfumo huo wa kufungwa kwa kafili) imefutwa, nenda popote". Kumbe kuhama huko ni kutoka kwa mwajiri mmoja rasmi kwenda kwa mwingine, na mabadiliko yale ya Saudia hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani.

Ndugu wa uvumi huu ni ule wa "ingia Dubai kwa viza ya matembezi, kazi utaanza hukohuko". Kuanza kazi kabla ya kibali ni kosa, na tangu 2024 faini ya mwajiri inaanzia dirham 100,000.

Kwa hiyo swali ni kafili ni nani, na kazi gani. Viza ikiwa ya Kiarabu, mpelekee ustadhi akusomee, uilinganishe na mkataba. Jina la ajenti litafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ukiwa Kenya. Tanzania ulizia TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Kisha mwombe ajenti aandike kwenye mkataba kazi aliyokuahidi pamoja na jina la kafili, apige na muhuri. Ajenti wa yule kijana, tangu aombwe hivyo, kila akipigiwa simu yuko safarini.